Msaada: Pajero inazima kwenye sailensi, napimaje mota mwenyewe?

Mpenda_Mizigo: Habari za jioni wakuu. Pajero ya zamani, petroli, V6 ya 3.0, otomatiki. Ikiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, mzunguko wake unapanda na kushuka wenyewe, gari linatetemeka, mwisho linazima. Kwenye foleni ya Ubungo mguu mmoja breki, mwingine mafuta. Fundi anasema ni mota ya sailensi, ile inayopima hewa ya injini mguu ukiwa nje ya mafuta. Mita ya umeme ninayo. Naipimaje? Ijumaa tunakwenda Moshi na familia.

Kobe_wa_Mbezi: Uza. Hizo ni za mtu mwenye gari la pili la kutafutia spea za la kwanza.

MzeeWaGia: Usikimbilie umeme, kijana. Langu lilifanya hivyohivyo, nikanunua plagi, nikanunua koili, nikanunua pampu, kumbe mpira wa hewa umepasuka kwa chini. Yule fundi baadaye akamuoa shemeji yangu. Kila Idi nala naye pilau na hela zangu hajarudisha.

Fundi_Waya: Mkuu, soketi ya hiyo mota ina pini sita. Zima gari, chomoa soketi, upime kwenye mota yenyewe. Mita iweke kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Pini 2 na 1, 2 na 3, halafu 5 na 4, 5 na 6. Kila jozi isome 28 hadi 33, injini ikiwa imepoa. Kisha kila pini na bodi ya mota: isisome kitu. Soketi ikiwa imechomekwa, fungua swichi bila kupiga stata, sogeza sikio. Mota ikicheza utaisikia inakwaruza. Kontroli boksi, kompyuta ya injini inayoiendesha mota hiyo, imeshafunguliwa?

Mpenda_Mizigo: Asante mkuu. Boksi sidhani kama inahusika.

Fundi_Waya: Imefunguliwa au haijafunguliwa?

Mpenda_Mizigo: Ilifunguliwa. Kuna IC moja, kile kichipu cha ndani, ina doa jeusi na harufu ya kuungua. Ila hilo tumeshalimaliza, nimelipia nusu boksi ya mtumba, inafika kesho na basi. Namba zinafanana kabisa, na muuzaji ni mtu wa swala tano.

Fundi_Waya: Swala tano hazizuii shoti. Volti 12 kwa omu 30 ni chini ya nusu ampea. Koili ya ndani ya mota ikishuka hadi omu 4 ni ampea 3, IC haibebi. Ukichomeka boksi mpya kwa mota ileile, nayo inaungua.

Mama_Nasaha: Watoto mnawapakia kwenye gari la kuzimazima mpaka Moshi? Mkeo anajua? Wanaume mna siri na magari kuliko na wake zenu.

Shushushu: Ngojeni kwanza. Huyuhuyu juzi alifungua uzi anauliza nauli ya bodaboda Mbezi hadi Posta, akasema hajawahi kumiliki hata baiskeli. Leo ana V6 na familia. Chai hii, tena haina sukari.

Kobe_wa_Mbezi: 😂😂 Picha ya gari tafadhali.

Mpenda_Mizigo: Kumiliki na kuendesha ni vitu viwili. Gari ni la bamdogo, yuko safari kikazi, kaniachia niwe naliwasha. Familia ni ya kwao, nawapeleka msibani. Haya, nimepima: 2-1 ni 30, 2-3 ni 31, 5-4 ni 29, 5-6 ni 3.8. Lakini mita yenyewe ya bei rahisi, inaweza kuwa inadanganya.

Fundi_Waya: Gusanisha ncha zake mbili. Ikisoma karibu na sifuri, haidanganyi. Tafuta mota kwanza, na hiyo nayo uipime dukani kabla hujatoa hela.

Mpenda_Mizigo: Imesoma 0.3. Ila fundi wangu anasema tufunge boksi kwanza tuone.

MzeeWaGia: Kuona kwa hela ya nani?

Kobe_wa_Mbezi: Bamdogo yumo humu jukwaani? Nauliza tu.