Mvua inanivurugia wikendi za dati baiki, mnapangaje wakuu?

Wakuu habari zenu. Mimi na washkaji huwa tunatoka na dati baiki, zile pikipiki za njia za porini, wikendi, sasa hii hali ya hewa sijui imelogwa na nani, Jumatatu simu inaonyesha jua Jumamosi, Ijumaa usiku inageuka inasema mvua asilimia 60, tunaahirisha, asubuhi jua linawaka mpaka unajiona bwege. Wiki nyingine tunapuuza tunaenda, tunakuta njia imekuwa uji. Mpangaji ni mimi kwahiyo lawama zote zangu. Nyie mnaamuaje?

Spana12: Mkuu utabiri wa siku tano sita uwe wa kukupa picha tu, uamuzi fanya Ijumaa jioni, na asubuhi cheki rada ya mvua kwenye simu uone mvua inaelekea wapi. Alafu asilimia 60 sio kwamba itanyesha kutwa, ni uwezekano wa kunyesha tu. Angalia saa kwa saa, kama mvua ni ya mchana we toka alfajiri, saa tano mshamaliza.

Mama Klachi: Mnakodolea mawingu mnasahau chini. Udongo ndo unaamua. Udongo wa kichanga ukinyeshewa usiku asubuhi yake ni raha tupu, vumbi limelala, tairi linang'ata, siku hiyo hata kama una wageni nyumbani unawatoroka. Wa mfinyanzi sasa, weee! Unaganda kwenye tairi mpaka meno hayaonekani, unajaa chini ya madigadi gurudumu linagoma kuzunguka, tope likiziba rejeta inayopoza injini, injini inachemka huku mwenyewe umeloa unatetemeka. Na mkiulazimisha mnaacha mifereji, ikikauka inakuwa migumu kama zege. Kuweni na njia mbili, ya kichanga kwa siku za mvua na ya mfinyanzi kwa kiangazi, hamuahirishi tena mnahamisha tu.

Mwanzisha uzi: Dada hapo umeniweza, njia mbili sikuwahi kuwaza. Upepo wa tairi je, mnapunguza?

Spana12: Kama kawaida unajaza 14 psi (kipimo cha upepo wa tairi), kwenye tope shusha 11 au 12, tairi linatanuka linashika vizuri. Ila penye mawe usishushe hivyo kama unatumia tyubu, itabanwa na rimu upate pancha porini.

Gia ya Pili: Mnamjibu kishujaa sana, radi je? Ukiona umeme anza kuhesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 acheni kuendesha tafuteni pa kujificha, nyumba au gari lililofungwa, sio chini ya mti. Msirudi njiani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mto uliojaa maji ya kahawia usivuke, huoni kina. Injini ikinyonya maji usipige stata, chomoa plagi kwanza yatoke.

Mama Klachi: La radi halina mjadala. Mkirudi osheni siku hiyohiyo, presha ya maji isielekezwe kwenye beringi, sponji ya ea klina (chujio la hewa ya injini) ifuliwe ikauke ndo ipakwe oili yake.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Jumamosi ni kichangani, kumi na mbili asubuhi, anayelala anaachwa. Miwani kuingia ukungu nifanyeje?

Gia ya Pili: Tafuta ya lenzi mbili, na ukisimama ivue, usiipandishe kwenye kofia, joto la kichwa ndo linaleta ukungu. Beba na glavu za akiba.