Naomba ushauri: injini ya umeme kwenye mashua ya abiria, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nabeba abiria kwa mashua hapa Lamu, zaidi kati ya mjini na Shela, kama kilomita 3. Natumia injini ya hospawa 15, ile ya kuchanganya petroli na oili. Gharama ya mafuta inanimaliza, na ule utando wa mafuta unaoelea nyuma yangu unaniuma: maji hayo hayo ndiyo tunayovua, ndiyo watoto wanaogelea.

Nataka kuweka injini ya umeme, betri za lithiamu na paneli za sola juu ya kivuli. Hofu yangu ni msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Kwenda Shela maji yakijaa, upepo usoni, abiria kumi ndani: betri itahimili au itanizimikia katikati ya mkondo?

Chombo chenyewe hakinitii wasiwasi, mafundi tunao. Lamu ndiko lilikoundwa Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililofika Unguja 2019.

Aliyewahi kutumia injini hizi kwenye maji ya chumvi anieleze: nyaya zinaliwa na kutu haraka? Ile ya petroli niiuze, au nibaki nayo ya dharura? Mimi naona nibaki nayo.