Dawa ya dizeli kwenye malori: ipi inafaa, na itumike vipi bila kuleta madhara?

Mwenye malori, Mbeya

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina malori mawili yanayopakia Dar es Salaam na kushusha Lubumbashi. Moja ni la zamani, lenye pampu ya kimakanika, na jingine ni la komoni reli, yaani mfumo wa kisasa unaosukuma dizeli kwenye injini kwa mgandamizo mkubwa. Mwezi uliopita dereva wa hilo la pili alinunua Morogoro chupa ya lita moja ya dawa ya kusafisha nozo (vile vinavyopuliza dizeli ndani ya injini), akaimimina yote kwenye tenki lililobakiwa na dizeli kama lita 150, kisha akaendelea na safari. Alipofika katikati ya mlima wa Kitonga, akiwa na mzigo kamili, gari lilikosa nguvu, likawa linatambaa, hadi akalazimika kulipaki pembeni na kubadilisha filta ya dizeli, ndipo likavuta tena. Filta aliyoitoa ilikuwa na siku kumi na mbili tu.

Naomba kueleweshwa: je, dawa ile ilikuwa mbovu, au ilitumika vibaya? Na je, niwasikilize mafundi wanaonishauri nichanganye oili chafu kidogo ili kulainisha pampu, na petroli kidogo ili kupunguza moshi mweusi?

Fundi wa pampu na nozo, Iringa

Mkuu, pole sana, kwa maana lori kukosa nguvu Kitonga ni hatari kwa kila aliye nyuma yake. Dawa nyingi za aina hiyo huelekeza mililita 1 kwa kila lita ya dizeli. Kama kibandiko cha chupa yako kilisema hivyo, basi chupa nzima ilikuwa ya lita 1,000, na dereva wako aliitia kwenye lita 150, yaani zaidi ya mara sita ya kipimo. Dawa ya kusafisha hubandua uchafu ulioganda kwa miaka, na uchafu ukibanduka kwa mkupuo mmoja hauna pa kwenda ila kwenye filta. Kwa hiyo nisingeilaumu dawa kabla ya kuangalia kipimo na hali ya tenki.

Ninalotamani wenye magari walishike ni kwamba jina hili la dawa ya dizeli linafunika vitu visivyofanana kabisa. Ipo ya kusafisha nozo, ipo ya kuongeza setani ili dizeli iwake upesi, ipo ya kulainisha, ipo ya kuua vijidudu, na zipo mbili za maji ambazo kazi zake zinapingana: moja huyatenga maji yakazama hadi kwenye bakuli la filta, ambako utayatoa, nyingine huyachanganya na dizeli ili yapite pamoja nayo. Hii ya pili usiitie kamwe kwenye komoni reli. Mgandamizo ndani ya mfumo huo hufikia bari 1,600 na hata kupita 2,000, na tone la maji likigeuka mvuke ghafla kwenye ncha ya nozo linaweza kuipasua.

Oili chafu usitie kwenye gari lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu ina masizi na chembe za chuma, na nafasi kati ya vyuma vya nozo ni nyembamba kuliko unywele. Petroli ni mbaya zaidi. Huipunguzia dizeli ulainisho ambao pampu inautegemea, na hufanya mvuke wa ndani ya tenki uwe wa kushika moto kwa cheche ndogo. Moshi mweusi utafutiwe chanzo chake kwenye filta ya hewa, turbo au nozo zilizochoka.

Ni kweli kwamba kuondoa salfa kiwandani huondoa pia sehemu ya ulainisho wa asili, na tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Hata hivyo, vilainishi huongezwa kabla dizeli haijafika sheli, hivyo anayenunua dizeli halali hana haja ya kuongeza vingine. Mwenye shida ni aliyeuziwa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, na huyo ahame sheli kwanza.

Kabla ya kununua chupa nyingine, fanya jambo moja. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kizibo cha chini ya tenki, kinga kiasi cha kikombe kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie nusu saa, kisha utueleze umeona nini.

Dereva wa masafa marefu, Tunduma

Nakubaliana na fundi, nami naongeza la usalama wa watu, kwa kuwa niliwahi kuliona kwa macho yangu. Tulikuwa tumepaki, jua kali, na dereva mwenzetu alikuwa amemimina dawa ya dizeli kwenye chupa ya maji ya kunywa ili kumgawia rafiki yake. Utingo wake, kijana mdogo, akaichukua akijua ni maji na kupiga funda moja. Watu wakataka kumtapisha, na nashukuru mzee mmoja aliwazuia, kwa sababu vitu vya jamii ya mafuta vikipanda tena kooni huingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Tulimkimbiza hospitali pamoja na chombo halisi cha dawa ili daktari asome kibandiko. Alipona, lakini alikohoa kwa siku nyingi.

Tangu hapo, dawa kwangu hukaa kwenye chombo chake, nje ya kebini, na siimimini bila glavu wala karibu na jiko au sigara. Dizeli pia siivuti kwa mdomo kupitia mpira, ingawa najua ndiyo desturi yetu barabarani.

Jambo jingine linahusu malori yenye tenki dogo la kifuniko cha buluu. Humo hutiwa AdBlue, ambayo ni maji yenye urea asilimia 32.5 ya kusafisha moshi wa ekzosi, haichanganywi na dizeli. Utingo akikosea akaitia kwenye tenki la dizeli, usiwashe gari hata kwa sekunde moja. Mwite fundi aondoe mafuta yote.

Mwenye malori, Mbeya

Asanteni sana. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza leo alfajiri kwenye lori la komoni reli. Chini ya chupa yamekaa maji ya upana wa vidole viwili, juu ni dizeli, na katikati yake kuna utando mweusi unaoteleza kama ute wa bamia. Nimeikata na ile filta ya zamani, nayo imejaa ute huohuo. Je, sasa niweke dawa ya kuua vijidudu?

Fundi wa pampu na nozo, Iringa

Ndiyo, lakini iwe hatua ya pili. Vijidudu hao huishi pale maji yanapokutana na dizeli, na ukiwaua huku maji yakibaki watarudi, tena mizoga yao itaziba filta kama ulivyoona Kitonga. Shusha tenki, lisuguliwe na kukaushwa, angalia mpira wa kifuniko kama haupitishi maji ya mvua, ndipo utie dawa kwa kipimo cha kibandiko, ukiitanguliza kabla ya kujaza dizeli ili ichanganyike. Vaa glavu na miwani, maana dawa hiyo hudhuru ngozi na macho. Safari mbili za mwanzo dereva abebe filta mbili za akiba, na kila asubuhi afungue kizibo cha bakuli la filta hadi itoke dizeli tupu. Dawa ya kusafisha nozo iache kwa sasa.