Kodi ya jengo ipangwe kwa postikodi? Mi napinga, karibuni tubishane

Haya wadau, kuna hoja imeshika kasi vijiweni na kwenye magrupu ya mtaa, eti kodi ya jengo iache kuwa bei moja, ipangwe kwa postikodi, yaani ile namba ya posta ya eneo, kata za wenye nazo zikatwe zaidi na za uswahilini zikatwe kidogo. Ukiisikia haraka haraka unaona haki kabisa, maana sasa hivi nyumba ya kawaida isiyo ghorofa inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, iwe Masaki yenye bustani na mlinzi getini, iwe Manzese ya vyumba sita na choo kimoja cha nje. Huo ni uonevu, sibishi.

Ila postikodi kwetu inapewa kata nzima, na kata za Dar hazikukatwa kwa kuangalia mifuko ya watu. Chukua Msasani. Masaki ni mtaa wa kata hiyo, Oysterbay pia, halafu humo humo kuna Mikoroshini na Bonde la Mpunga, ambako masika yakikolea watu wanapandisha magodoro juu ya kabati. Nenda Kawe uone, Mbezi Beach na Ukwamani kata moja! Sasa ukijumlisha kipato cha wote ukagawa kwa vichwa unapata mkazi ambaye hayupo popote, si wa ushuani si wa uswahilini, halafu huyo hewa ndo apangiwe kodi, na bili aletewe mama ntilie.

Na hapa ndo penyewe. Anayekatwa ni nani? Ni anayenunua umeme. Kisheria kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, mpangaji akikatwa anatakiwa afidiwe kwenye kodi ya pango, lakini nani humu kashafidiwa? Unanunua umeme wa 5,000 mwanzo wa mwezi, 1,500 inaondoka kabla hujapata hata yuniti moja, na mwenye nyumba keshabeba kodi yake ya miezi sita, dalali kabeba ya mwezi mmoja, nenda kamdai 9,000 yako uone, atakwambia kama vipi hama wateja wapo. Na wapo kweli, sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, zaidi ya milioni wameongezeka, mnadhani wote wamejenga?

Kwa hiyo mkipandisha kwa kata, mpangaji wa Bonde la Mpunga atalipia ushua wa Masaki ambako anaenda kufua tu.

Mi nasema itazamwe nyumba yenyewe, ukubwa wake na mtaa ilipo, namba za anwani za makazi si zilishabandikwa milangoni 2022? Wanaosema uthamini una gharama na utaleta rushwa wana hoja, afisa na mwenye jumba wakikaa chemba mnajua kinachotokea, lakini hata hivyo bora huo kuliko wastani wa kata. Ila kabla ya yote mwenye nyumba adaiwe kwa jina lake, mita ya mpangaji iachwe.

Mnaotaka postikodi nijibuni hilo moja tu, Ukwamani itakatwa ngapi na kwa hesabu gani? Na wenye nyumba msijifiche, mpo humu.