MREJESHO: Nyumba ya udongo ya babu, Ujiji

Habari zenu wakuu. Niliuliza kuhusu nyumba ya marehemu babu, ya matofali mabichi, iliyopigwa plasta ya saruji na kuanza kumeguka chini. Ndugu walitaka ivunjwe, mimi nilitaka iwe sehemu ya ushonaji.

Nilifuata ushauri wa kubandua saruji yote. Jamani! Tofali la ndani lilikuwa linachimbika kwa kidole, saruji imefungia unyevu humo miaka yote. Tukaacha kuta zikauke kiangazi, tukaziba kwa udongo na mchanga, kisha chokaa kwa tabaka nyembamba, tukizinyunyizia maji zisikauke haraka. Bati tumelitokeza zaidi ili mvua isipige ukuta. Milango ya mninga tumeisugua tu, bado mizima kabisa.

Ukuta wa nyuma umegoma. Kiwanja cha jirani kiko juu, maji yanapenya msingini na chokaa inapukutika. Aliyesema mtaro utangulie plasta alisema kweli. Jirani amekubali tuuchimbe upande wake.

Vyumba vya mbele cherehani zinafanya kazi. Asanteni sana, hasa mafundi mlionieleza kwa subira.