Bastola ipi inamfaa mwanamke anayeiogopa? Binti yangu yupo Houston, naomba ushauri

Ummu Salma (Kiembesamaki)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina binti yangu Houston, Texas, ni nesi na mara nyingi anaingia zamu ya usiku. Mumewe anaendesha malori ya safari ndefu, kwa hiyo nyumbani huwa peke yake na mtoto wa miaka minne. Majirani wameshavunjiwa, na mume sasa kashikilia mkewe awe na bastola ndani. Yeye hakukataa, ila moyo haujakubali. Dukani wamemwonyesha tatu: rivolva ndogo ya risasi tano, Glock 19, na nyengine inaitwa Shield EZ. Kanitumia picha, ananiuliza mie! Bastola nimeziona kiunoni mwa askari tu. Walioko huko na wenye ujuzi nielezeni tofauti yake, na mtu mwenye hofu aanzie wapi. Nawaomba tusilifanyie mzaha jambo hili.

Bopwe (Wete)

Wa alaykum salaam bi mkubwa. Kwa upande wangu asinunue. Sisi huku hatukuzoea silaha mikononi mwa raia. Bunduki walizotuhadithia wazee ni zile zilizotekwa bomani Ziwani na Mtoni usiku wa Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, na kila ukoo una lake la kusimulia baada ya hapo. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi hizo mnataka aamke siku moja aipende bastola? Wakaze milango, waweke taa za nje na kamera, wapange na majirani. Hofu yake isidharauliwe.

Binti Micheweni (Houston)

Bi mkubwa, mie naishi mji huo huo na bastola ninayo. Kaka wa Wete kasema kweli kuhusu milango na taa, hivyo vinakuja mwanzo hata kama atanunua. Lakini umeuliza tofauti, nitakueleza ninavyojua.

Kwanza karatasi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza hata kuimiliki, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Dukani atajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, na uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai linaloweza kumharibia ukaazi wake wote. Mume anaweza kumnunulia mkewe kama zawadi ya kweli. Kinachokatazwa ni kuchukua pesa za mwengine ukaenda kujiandikisha wewe kuwa ndiye mnunuzi.

Sasa hizo tatu. Ile rivolva ndogo ndiyo wauzaji wengi humsogezea mwanamke: nyepesi, nzuri machoni, inaingia mkobani, haina cha kukoki, yaani kuvuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie tayari. Smith & Wesson 642, kwa mfano, haifiki nusu kilo, na inabeba risasi tano za .38 Special. Lakini wepesi wenyewe ndio unaomuumiza mpigaji. Risasi ile ile ikitoka kwenye chuma chepesi, teke lote linaishia kiganjani. Kifyatulio chake nacho ni kizito, kila risasi unavuta kama kilo tano, na mtu asiye na nguvu za vidole mtutu umeshayumba kabla risasi haijatoka. Nimewaona wanawake wakianza na hiyo wakapiga mara chache, wakaiweka mezani na wasirudi tena renji, uwanja wa kulengea shabaha. Ni silaha ya mtu aliyekwishazoea. Uzuri wake mmoja ni mkubwa, nakubali: ni rahisi kuielewa, unafungua gurudumu la risasi unaona kwa macho yako kama ina risasi au haina.

Glock 19 ni ya risasi 15 za milimita 9, na ikiwa na magazini (kibweta cha risasi kinachoingia mpinini) tupu uzito wake ni kama gramu 670. Uzito huo unasaidia, teke lake unaliona la kistaarabu kuliko la ile ndogo. Tabu ni kuikoki, springi yake ngumu kwa mgeni. Tena haina kile kiswichi cha usalama cha kubonyeza kwa dole gumba. Usalama wake mmoja umo kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo kidole kisichotulia ni hatari kweli.

Shield EZ ya risasi ndogo kidogo, .380, ilitoka 2018, na ya milimita 9 ikafuata 2020. Imetengenezwa kwa watu wa mikono dhaifu: springi laini, na magazini yake ya risasi 8 ina kidude pembeni cha kushusha springi wakati wa kujaza, kucha hazivunjiki. Mpini una kibonyezo kwa nyuma, usipoushika barabara haifyatuki. Risasi za .380 kwa kawaida huwa ghali kuliko za milimita 9, na mazoezi yanakula risasi. Akinunua iliyotumika ya milimita 9 aulize imetengenezwa lini. Za Machi hadi Oktoba 2020 kiwanda kiliziita zirudi kwa kasoro ya nyundo.

Kwa nilivyoeleza mtadhani namwambia achukue EZ. Simwambii. Renji nyingi za huku hukodisha bastola za kila aina, aende apige zote tatu kabla ya kutoa senti ya kununulia. Mkono wake ndio uchague. Siyo mume, siyo muuzaji, wala siyo mie.

Mlandege_01

Kwani si kuna zile za .22, za risasi ndogo kabisa? Nasikia hazina teke kabisa. Anunue hiyo amalize habari.

Binti Micheweni (Houston)

Kwa kujifunzia hakuna bora kuliko .22, na risasi zake bei rahisi. Mie ningetaka aanzie hapo siku ya kwanza, hizo nyengine baadaye. Kwa kujilinda wengi hawaitegemei, nguvu yake ndogo, na risasi zake hugoma kuwaka mara nyingi kuliko za bastola kubwa.

Mstaafu (Ziwani)

Bi mkubwa salaam. Nimefundisha watu shabaha kwa miaka, wake kwa waume. Wanaonitia wasiwasi ni wale wanaoingia renji wanacheka. Mwenye hofu huwa anasikiliza. Kwa hiyo usimwambie mwanao aache kuogopa, mwambie atafute mwalimu.

Na mwalimu asiwe mumewe. Mume na mke wana mengi baina yao, na sauti ya mume ikipanda kidogo tu basi somo limekwisha. Amtafute mwalimu mwenye cheti, kama yupo wa kike ni bora zaidi.

Siku ya kwanza isiwe ya kupiga risasi. Bastola iwekwe mezani ikiwa tupu, aifungue, aitazame ndani, aulize kila chuma kina kazi gani. Watu wengi huogopa kwa kuwa wanadhani kitu kile kitalipuka chenyewe. Akishaona kwamba bila kifyatulio kuvutwa nyundo au pini haiendi mbele, hofu inabadilika, inakuwa tahadhari.

Hapo hapo ajifunze jambo ambalo limeua watu wengi: kutoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki chemba, pale inapokaa tayari kupigwa. Unatoa magazini, unavuta sehemu ya juu nyuma, unatazama chemba kwa macho, kisha unaingiza ncha ya kidole uhakikishe. Anayekukabidhi akikwambia "ni tupu", unaangalia tena mbele yake, na wala hakuna kuoneana haya.

Zile kanuni nne azijue kama anavyojua namba ya simu yako. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kitu usichokubali kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na umeamua. Na ujue kilichopo nyuma ya unachokilenga, maana nyumba za Marekani nyingi kuta zake ni mbao na bodi nyepesi, risasi inapita chumba hadi chumba, na nyuma ya ukuta huo ndipo anapolala mjukuu wako.

Kuhusu kukoki: wanawake wengi huambiwa hawana nguvu, na ukiangalia vizuri utaona wanavuta kwa ncha za vidole huku wamenyoosha mikono mbele. Ailete bastola karibu na kifua, mtutu ukiwa unaelekea shabaha muda wote, aikamate sehemu ya juu kwa kiganja kizima cha mkono wa kushoto, kisha ausukume mpini mbele kwa mkono wa kulia. Nguvu itoke mabegani. Halafu aiachie ghafla irudi yenyewe, asiisindikize. Baada ya hapo huenda hata hiyo Glock akaiona nyepesi.

Akianza kupiga, jicho lake litafumba kabla ya mlio na mkono utashuka. Karibu kila mtu huanza hivyo. Dawa yake ni mwalimu kumchanganyia risasi bandia kwenye magazini bila yeye kujua. Ikija ile isiyolia, ataona mwenyewe mtutu unavyoinama chini. Apige kidogo, aache angali ana hamu. Akichoka mikono hulegea, na bastola za kukoki zikishikwa kwa mkono uliolegea hukwama.

Nesi_Mjini

Mie nazungumzia afya, hili limesahauliwa. Kama binti ni mjamzito au anadhani huenda ni mjamzito, habari ya renji aiahirishe. Moshi wa risasi una madini yenye sumu, yale ya risasi (lead), yanayomfikia mtoto tumboni, na kelele nayo haizuiliki tumboni kwa kuziba masikio ya mama. Anayenyonyesha pia azungumze na daktari wake. Na yeyote anayetoka renji anawe mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, nguo azifue mbali na za mtoto.

Kama anavaa mtandio, vizuizi vya masikio vya juu havigandi vizuri juu ya kitambaa. Aweke vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, ajifunge mtandio, halafu avae vikubwa juu yake. Miwani ya kinga lazima. Mtandio uliofungwa vizuri shingoni unamsaidia, maganda ya risasi hutoka yakiwa ya moto na hupenda kuingia kwenye ukosi.

La mwisho nalisema kwa uzito wote. Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu waliojiua wenyewe. Nesi wa zamu za usiku, mume hayupo, ndugu wote wako ng'ambo ya bahari. Bi mkubwa, kabla ya kumuuliza ni bastola gani, muulize analala vipi na moyo wake ukoje. Kama ndani ya nyumba kuna aliyevunjika moyo, bastola isiingie.

Bopwe (Wete)

Nesi, Mungu akulipe. Hilo ndilo nililokuwa nalitafutia maneno.

Ummu Salma (Kiembesamaki)

Nimewasoma nyote, na maneno ya nesi yamenifanya nimpigie simu usiku ule ule. Tumezungumza mpaka alfajiri ya huku. Moyo wake alhamdulillah uko sawa, ila upweke anao, na tumekubaliana mdogo wangu aliyeko Minnesota aende akakae naye kwa muda. Mjamzito siye. Grinikadi anayo.

Kapata mwalimu wa kike, kakodi .22 na zile tatu. Rivolva anasema imemuuma mkono, hataki kuiona. Glock kaiweza baada ya kufundishwa kukoki kama alivyoeleza mstaafu, na kaipenda kuliko alivyotarajia. Baina ya hiyo na EZ bado hajakata shauri. Mume kamwambia achukue muda wake, na mie nimefurahi kwa hilo kuliko yote.

Ninayo mawili ya kuuliza. Huyu mjukuu wangu wa miaka minne anafungua kila droo. Na je, ataichukua kazini kwa ajili ya usalama wake kwenye maegesho ya gari usiku?

Binti Micheweni (Houston)

La mjukuu: sefu inunuliwe kabla ya bastola. Zipo ndogo za kufunguka kwa namba au alama ya kidole, zinafungwa kwa skrubu kwenye kitanda au kabati. Juu ya kabati siyo mahali pa kuficha, wala mkobani, wala chini ya mto. Sheria ya Texas inamshika mtu aliyezembea kuifungia silaha yenye risasi, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Na huyo mtoto afundishwe maneno machache tu: ukiiona usiguse, ondoka, mwite mkubwa.

La kazini: asiende nayo. Tangu Septemba 2021 Texas haidai kibali cha kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu asiye na kizuizi cha sheria, lakini hospitali ni mahali pengine kabisa, na waajiri wengi wanamfukuza mfanyakazi kwa hilo. Akiiacha ndani ya gari itamlinda nani? Yeye yuko wodini, nayo inamsubiri mwizi avunje kioo. Kwa maegesho aombe mlinzi wa hospitali amsindikize, wengi wana utaratibu huo, na abebe dawa ya pilipili ya kupuliza kama kazini wanairuhusu, iwe mkononi na siyo chini ya mkoba. Aipulizie nje mara moja ajue inafika umbali gani na upepo unairudisha vipi.

Baina ya Glock na EZ, mwambie arudi kwa mwalimu siku nyengine, akiwa ametoka zamu na amechoka, azikoki zote mbili zikiwa tupu. Ile atakayoiweza kwa mkono uliochoka ndiyo aichukue.