Mwanangu anaangalia Mushishi, sasa anasikia mvumo sikioni. Nimnyang'anye simu?

Mama Kibibi
Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri, usingizi sina. Kijana wangu ana miaka 9. Binamu yake kamwekea kwenye simu katuni ya Kijapani inaitwa Mushishi. Kuna bwana mmoja mwenye nywele nyeupe na jicho moja la kijani, anatembea vijijini na sanduku mgongoni, anatibu watu walioingiliwa na viumbe visivyoonekana. Tangu aanze kuiangalia analalamika kuna kitu kinavuma sikioni, usiku anaamka kashika kichwa. Mama mkwe anasema kafungua mlango wa majini. Nimkataze au nimwache? Naombeni lugha ya staha.

Mpenda Katuni
Pole sana mama. Ila Mushishi haina ubaya wowote. Ilianza kama hadithi za kuchorwa za mwanamama Yuki Urushibara mwaka 1999, ikawa katuni ya sehemu 26 mwaka 2005, kisha ikaendelea 2014. Ukikaa naye mkaiangalia pamoja utaipenda. Milima, ukungu, mito, watu wanaongea polepole. Hao viumbe wanaitwa mushi, na si mashetani. Ni uhai tu, unatafuta pa kuishi kama kuvu kwenye gogo, na ukikutana na binadamu, mmoja wao anaumia bila yeyote kuwa na nia mbaya. Ginko, yule bwana wa nywele nyeupe, mwenyewe anawavutia mushi popote anapokaa, ndiyo maana hana makao na sigara haimtoki mdomoni, moshi unawafukuza. Mimi imenifanya nione hata kisima cha kijijini kwetu kwa macho mengine.

Abuu Hamdani
Mtoto wa miaka 9 simu ya nini? Wazazi wa siku hizi mnalea kwa vioo halafu mkiona mambo mnakimbilia humu. Msomee Ayatul Kursi kabla ya kulala, hiyo simu weka juu ya kabati.

Dereva wa Usiku
Mimi mwaka fulani nimelala Segera chini ya lori, mende kaingia sikioni. Nilicheza ngoma ambayo haijatungwa! Bibi mmoja muuza chai akanimwagia mafuta ya kula, mende huyo akatoka anaogelea. Mpaka leo nikipita pale namnunulia sukari. Kwa hiyo mama, angalia mdudu kwanza.

Nesi Mstaafu
Dada, achana na katuni kidogo. Sikio lipi? Linatoa chochote?

Mama Kibibi
La kushoto. Linatoa maji kidogo, ya kawaida ya watoto.

Nesi Mstaafu
Hakuna maji ya kawaida. Yana rangi gani, yananuka? Na yalianza kabla ya hiyo katuni au baada?

Mpenda Katuni
Na kaangalia mpaka sehemu ya ngapi? Maana kuna ile ya msichana anayeishi gizani, hiyo ni nzito kwa mtoto.

Nesi Mstaafu
Nasubiri jibu, dada.

Mama Kibibi
Pamba nikiitoa asubuhi ina njano na inanuka, nguo ya mto nafua kila siku. Ilianza kabla ya mfungo. Simu kaipata baada ya Idi. Najua mtasema nimechelewa, lakini zahanati tulikwenda mara ya kwanza tukapewa dawa, likakauka, likarudi. Sasa bibi yake kapata mtu Muheza, huku huku Tanga, anayetoa vitu vilivyoingia masikioni, tiketi za Jumamosi nimeshakata. Kwa sasa namtilia maji ya chumvi ya vuguvugu na linatulia. Sioni kosa langu liko wapi.

Kamanda wa Ukweli
Hii chai wakuu! Nilikuwa nasoma kimya, hapo kwenye maji ya chumvi nimesimama. Hiyo ni sehemu ya 3 ya Mushishi yenyewe: kijiji cha theluji, watu wanakuwa viziwi wa sikio moja, kumbe ndani kuna kidudu chenye gamba la konokono kinachokula sauti. Ginko anawatia maji ya chumvi, wanapona. Mleta mada katoa theluji kaweka Tanga. Mods fungeni uzi.

Dereva wa Usiku
Eeh! Kumbe tumeuziwa filamu.

Mpenda Katuni
Sehemu ya 3 iko hivyo kweli. Mama, tueleze.

Mama Kibibi
Mimi hiyo sehemu sijaiona. Chumvi kaniomba mwenyewe, kasema mama nitie kama yule mjomba alivyowafanyia wale watu. Anairudia hiyo hiyo kila siku. Nikadhani katuni ndiyo inamtia wasiwasi wa sikio. Sina faida ya kuwadanganya usiku huu.

Mpenda Katuni
Basi mtoto hakupata ugonjwa kwenye katuni. Sikio lilikuwa linamuuma, kaona watu wanaoumwa kama yeye wakisikilizwa, ndiyo maana haachi kuirudia. Na yule Ginko kila kijiji anachoingia anauliza ilianza lini, anachungulia, ndipo anatoa dawa. Usimnyang'anye, tafadhali.

Abuu Hamdani
Hapo nimekuelewa dada. Dua na hospitali vyote viwili. Muheza achana nako.

Nesi Mstaafu
Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki 2 ni ugonjwa sugu, na mara nyingi ngozi ya ndani imetoboka. Ukitia maji, chumvi au mafuta yanapita kwenye tundu hilo. Acha leo leo. Kunja kitambaa safi kiwe kama utambi, kausha, usiache pamba humo. Dawa za matone na za kumeza zinaandikwa na daktari baada ya kuangalia kwa taa. Sasa nenda kitandani kwake, bonyeza taratibu mfupa wa nyuma ya sikio uniambie.

Mama Kibibi
Bibi yake keshatuma nauli, nitamwambiaje?

Nesi Mstaafu
Bonyeza kwanza.

Mama Kibibi
Pamevimba. Nimegusa tu kapiga kelele. Na mwili wa moto.

Nesi Mstaafu
Usisubiri Jumamosi, usisubiri asubuhi. Usaha unaweza kuwa umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo ubongo hauko mbali. Hospitali yenye daktari wa zamu, sasa hivi. Waambie uvimbe nyuma ya sikio na homa.

Dereva wa Usiku
Dada uko mtaa gani? Niko na gari Tanga mjini, nakuja.

Mama Kibibi
Jirani ana bajaji, anaiwasha. Mama mkwe nitampigia tukifika.